Uduvi Ndani ya Uji

Jumatatu, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Mwalimu Mkuu, Machage, alipita baada ya mapumziko ya saa nne, akasimama mlangoni kwangu mikono nyuma, akasikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Akaniita nje kunipongeza.

"Madam Gaudensia, nimezunguka shule nzima. Darasa lako tu ndilo halina kelele. Hii ndiyo nidhamu."

Nikasema asante. Niliporudi ndani, nusu ya nidhamu ilikuwa imelala juu ya madawati na nusu nyingine ilikuwa inautazama ubao kama ng'ombe anavyotazama lori likipita.

Mama yangu kule Butiama alishaniambia kwamba mdomo wangu utanifukuzisha kazi. Basi muhula huu nitaandika badala ya kusema.

Alhamisi, 11 Julai

Tuko kwenye giza. Mgeni hapa kijijini Bukima akisikia hivyo anadhani umeme umekatika, kumbe ni habari za kazi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa haupo mitumbwi inaingia ziwani kila usiku, na alfajiri watoto wanashuka mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhushia, kusaidia kuanika. Darasa la Nne wanafika shule na magamba mikononi. Wakikaa karibu karibu, chumba kinanuka gunia la dagaa.

Asubuhi Wankyo alinigawia tisini na sita kwa nne akiwa amesimama, bila kushika kalamu. Baada ya mapumziko nikampa arobaini na nane kwa nne. Akanitazama, akatazama dirisha, akasema, "Nne?" Mtoto yule yule. Nimemkaripia, na nimekaa ofisini nikijikaripia mimi.

Jumanne, 16 Julai

Joto. Wamelala. Nimefundisha ukuta.

Jumatatu, 22 Julai

Mwezi umejaa, mitumbwi imelala nchi kavu, watoto wamelala vizuri usiku. Nilijiambia leo nitaona darasa. Nikaliona mpaka saa nne. Baada ya hapo ni yale yale. Kumbe usingizi tulikuwa tunausingizia tu.

Nikawauliza, "Asubuhi mmekula nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Ugali, mwalimu." Darasa zima likijibu kwa pamoja ujue hakuna ukweli hapo. Hata mimi nililelewa hivyo: ya jikoni kwenu huyasemi nje, hata kama mna siku mbili hamjapika.

Nikabadilisha swali. "Kwenu nani aliyewasha moto leo asubuhi?" Hilo kila mtoto analisema kwa fahari, maana anayewasha moto ni mtu mkubwa. Ikanyooka mikono michache. Mmoja ulikuwa wa Gody, mtoto wa mwisho wa mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwao moto huwashwa kila siku lakini yeye huja na biskuti na juisi nyekundu ya pakiti. Gody huwa moto mpaka saa tatu na nusu. Baada ya hapo anapiga wenzake, kisha analala.

Wengine wote mlo wao wa kwanza ni wakirudi nyumbani, saa tisa au kumi. Mimi mwenyewe nikikosa chai ya asubuhi siwezi kuongea na mtu. Na hawa nawafundisha kugawanya.

Ijumaa, 26 Julai

Kikao cha wazazi. Nilijiapiza kutulia. Sikuweza.

Nilieleza kwa upole kabisa kwamba mtoto mwenye tumbo tupu hashiki kitu, kwamba tuna jiko lililojengwa na mradi, kwamba tunachotaka ni uji tu wa mapumziko, basi. Mwenyekiti Burito akasimama na kofia yake. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba, na tangu Juni mzee huyu hajawahi kusema neno linaloweza kumkera hata kuku.

"Mwalimu, serikali ilishasemaga elimu ni bure. Sasa tukianza leteni mahindi, leteni nini, wananchi watatuelewaje?"

Wakapiga makofi. Nikauliza kama elimu bure inaingia kwenye tumbo. Machage akanikanyaga mguu chini ya meza.

Aliyetuokoa ni Bibi Dorkas, bibi yake Wankyo, shemasi wa Wasabato, mwanamke ambaye akikohoa kanisani mahubiri yanafupishwa. Alisimama taratibu.

"Mwenyekiti, kura yangu hujawahi kuipataga, kwa hiyo mimi naongea tu. Ulezi ninao, naleta. Na hawa wenye mitumbwi walete dagaa. Kila wiki lori linabeba dagaa wetu kwenda Mwanza kulisha kuku. Kuku wa Mwanza wanakula vizuri kuliko mjukuu wangu."

Watu walicheka, na baada ya kucheka wakaona aibu kukataa. Ikapitishwa: kila nyumba ulezi au mahindi, kila mtumbwi dagaa wa kusaga pamoja.

Nilitembea na Bibi Dorkas mpaka njia panda. Hapo ndipo aliponiambia. Mwanaye mkubwa, Edwin, mjomba wake Wankyo, ana duka Bunda, mtaa wa Kabasa, na mkewe amejifungua. Wanataka mtoto wa kuwashikia mtoto.

"Kasema Wankyo akifeli upimaji wa taifa wa mwezi wa kumi akarudia darasa, hamna haja ya kupoteza muda, anamchukua. Na mimi, Mwalimu, Edwin ndiye anayenitunzaga. Nitamkatalia kwa lipi? Nina kitu kimoja tu cha kumwonyesha. Afaulu."

Sasa nimejua ninachofundishia.

Jumatatu, 5 Agosti

Jiko lina kufuli. Ndani kuna saruji ya mwenyekiti.

Jumatano, 7 Agosti

Bado saruji.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima. Saruji imepumzika pia.

Jumatatu, 12 Agosti

Uji umepikwa. Saruji ilihama jana baada ya mimi kumwambia mwenyekiti, kwa sauti ya kusikika na wapiga kura waliokuwa dukani, kwamba namshukuru sana kwa kutoa jiko. Wenye mitumbwi walileta dagaa kwenye magunia, Machage akapeleka mashineni wakasagwa pamoja na ulezi. Uji una rangi ya udongo na harufu yake unaisikia mpaka barabarani. Watoto walikunywa wakiwa wamefumba macho. Wankyo aliramba kikombe.

Baada ya mapumziko, darasa lilikuwa vile vile. Machage akaja ofisini akaniuliza, "Mbona sioni tofauti?" Nikamwambia hata panadoli inapewa nusu saa.

Jumanne, 27 Agosti

Wiki mbili hizi sikuandika kwa sababu nilikuwa nafundisha. Leo Darasa la Nne walibishana. Baada ya mapumziko, wakati wa kulala kwao. Nilisema ziwa letu halina maji ya chumvi, Rafaeli akauliza mbona dagaa wana chumvi, Wankyo akamjibu hawana, ni jasho la mama yake. Zikataka kupigwa ngumi. Nilichapa meza, nikawatuliza, nikatoka nje kidogo nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 30 Agosti

Jaribio la mwezi. Wankyo kapata vizuri kila somo. Nimelituma karatasi lake la hisabati nyumbani ili Bibi Dorkas aanze kuwa na cha kuonyesha.

Jumatatu, 2 Septemba

Niliongea mapema mno.

Mapumziko leo, nusu ya Darasa la Nne hawakutoa vikombe. Wamekaa chini ya ukuta, mikono magotini, Wankyo wa kwanza. Nikadhani wanaumwa. Nikauliza kuna nini. Mwishowe Wankyo akasema akiangalia vidole vyake: "Mwalimu, kuna uduvi."

Nilikwenda kuchungulia gunia. Ni kweli. Wenye mitumbwi hawakuleta dagaa wa kula, wameleta wale wa kuku, wa kuokota chini ya chanja za kuanikia, na ndani yake wamejaa uduvi, vile vidudu vyekundu vyenye miguu mingi. Havina magamba wala mapezi. Kwa Msabato hicho ni najisi, kama kambale, kama nguruwe. Kuna mama mmoja aliona gunia mashineni Ijumaa, Jumamosi likatangazwa kanisani, na aliyetangaza ni shemasi Dorkas. Huyo huyo aliyesimama kwenye kikao.

Mimi ni Mkatoliki wa Butiama. Kwetu uduvi akiingia kwenye mboga tunashukuru Mungu kwa nyongeza. Jioni nikapanda kwake bila hata kubadilisha viatu. Nikamkuta anafagia. Nikamwambia uduvi una protini, una madini, mtoto anahitaji, mtihani ni mwezi ujao, Edwin anasubiri. Nikasema, na hapa ndipo nilipoharibu, "Mama, uduvi wenyewe ni kidogo tu, umesagwa, Mungu hataona."

Aliacha kufagia.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi pita salama."

Alhamisi, 5 Septemba

Machage kaja na ufumbuzi wa kiofisi: sufuria mbili. Moja ya lishe kwa wanaokula kila kitu, moja nyeupe ya sembe tupu kwa Wasabato. Ametuma picha ya sufuria zote mbili kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu wa kata. Wamemjibu kwa vidole gumba.

Jumatano, 11 Septemba

Kitu ambacho kila mwanamke aliyewahi kupika angekijua, Machage hakukijua. Uji mweupe haunuki. Siku ya kwanza foleni nyeupe ilikuwa ya Wasabato. Siku ya pili wakaingia Wakatoliki wawili wakisema wameokoka. Leo Mkatoliki, Mmennonite, mtoto wa katekista, wote wamesimama kwenye sembe, na sufuria ya lishe imesimama peke yake na nzi. Gody ndiye aliyekunywa uji wa lishe peke yake, kwa ubishi, akatapika, maana alikuwa ameshashindilia biskuti.

Sembe inajaza tumbo mpaka kipindi kimoja. Kipindi cha pili madawati yamelaliwa tena.

Ijumaa, 13 Septemba

Mahindi yameisha. Lishe hakuna anayeinywa, basi hakuna sufuria hata moja. Machage kapita darasani baada ya mapumziko, akatikisa kichwa kwa kuridhika na utulivu. Sikumwambia kitu. Mama angefurahi.

Jumatatu, 16 Septemba

Edwin alikuja na pikipiki kutoka Bunda, akapita shuleni. Ni mtu mstaarabu, hilo ndilo linaloniudhi. Ningependa awe mkorofi.

"Madam, mimi simchukii mtoto. Lakini nilimuulizaga bibi maendeleo, akanipa karatasi la Agosti, zuri. Leo nimeangalia daftari la juzi. Mbona ni watu wawili tofauti?"

Nikamwambia ndiyo, ni watu wawili, mmoja amekula na mmoja hajala. Alinitazama kwa huruma, kama vile namtafutia mtoto kisingizio. Akasema atarudi shule zikifungwa. Darasani Wankyo alikuwa ameandika tarehe tu, mara tatu, kila mara kwenye mstari mpya.

Jumanne, 17 Septemba

Nimerudi kwa Bibi Dorkas. Sikutaka. Nilikwenda kwa sababu nilimwona Wankyo akilala huku kalamu ikiwa mkononi, na sikuwa na pengine pa kwenda.

Nilimkuta kakaa kwenye mkeka uani, miguu imenyooshwa, ungo mapajani. Anachambua dagaa. Anamwaga kiganja kimoja kwenye ungo, anatandaza kwa vidole, anatoa uduvi mmoja mmoja na kuurusha kwa kuku. Pembeni kuna kinu. Nilisimama nikaangalia kwa muda kabla hajainua uso.

"Hao ni wa nini, mama?"

"Wa Wankyo. Namtwangiaga, namkorogea jioni. Lakini jioni anakuwa ameshachoka, analala kabla ya kumaliza."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposema kanisani. Ulidhani nilimtoa kwenye uji wako nikamwacha hivi hivi?"

Nilikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba wanaweza kuchambuliwa. Akaendelea kutandaza vidole vyake.

"Uliniuliza saa ngapi? Ulikuja hapa na viatu vya shule ukanihubiria protini, halafu ukasema Mungu hataona. Mimi sikukataa uji, Mwalimu. Nilikataa kulishwa nisichokula halafu nikaambiwa ni kidogo. Ungeniuliza, Dorkas, tufanyeje? Ningekujibu siku ile ile."

Nimekasirika kuanzia pale mpaka sasa ninapoandika, na sina wa kumkasirikia. Nilikuwa na haki juu ya uji. Kwa hiyo nilijiona nina haki juu ya kila kitu.

"Basi mama, tufanyeje?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akanisukumia ungo. Sasa hivi ni mbalamwezi, akasema, hakuna uvuvi, kina mama wote wako nyumbani wanahesabu vidole. Magunia yaletwe shuleni. Watachambua wao, mpaka yatoshe giza lote lijalo, watakapokuwa mwaloni. Ila si Sabato. Na si Wasabato peke yao.

"Wakatoliki nao waje. Sitaki kusikia ooh, Wasabato wana mambo yao. Sufuria moja, mikono yote."

Nilichambua naye mpaka kukawa hakuonekani. Nilikuwa mzito. Kila mara ananirudishia ungo: "Huyo hapo. Na huyo. Macho yako yamesoma sana."

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nilisimama mbele ya parokia nikawaambia kina mama kwamba Wasabato wameshakaa uwanja wa shule na wanauliza Wakatoliki wako wapi. Hakuna mahubiri ambayo yangefanya kazi vizuri zaidi. Walifika na nyungo zao hata kabla ya kubadilisha nguo. Alasiri nzima uwanja ulikuwa nyungo, khanga na umbea wa vijiji vitatu, na kuku wa Machage wamekula uduvi mpaka wakashindwa kutembea.

Mwenyekiti Burito alikuja kupiga picha akiwa ameshika ungo. Ungo wenyewe kaushika juu chini. Wamemwacha.

Jumatano, 25 Septemba

Sufuria moja. Inanuka. Watoto walilalamika, wakanywa. Bibi Dorkas alisimama karibu na jiko na kikombe chake, akanywa mbele yao wote, akajipangusa mdomo, akaondoka bila kuniaga.

Alhamisi, 3 Oktoba

Giza tena. Wanafika wamechelewa, na magamba. Lakini baada ya mapumziko wanaamka, badala ya kulala. Kwa sasa nimekubali kufundisha siku iliyoanzia katikati.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya Baba wa Taifa. Nilikwenda Butiama kwa mama. Kijiji kimejaa magari ya wageni. Mama aliniuliza nimekonda kwa nini, nikamwambia uduvi. Hakuuliza zaidi.

Jumanne, 22 Oktoba

Kesho upimaji. Na giza limeanza tena, jana mitumbwi imeingia. Nimepita kila nyumba ya Darasa la Nne kuomba jambo moja: kesho na keshokutwa mtoto asishuke mwaloni. Wamesema ndiyo. Nimewajua watu hawa, ndiyo yao ina masharti, na sharti kubwa ni mvua. Dagaa wakishaanikwa mvua ikija, kila mwenye mikono anakimbia kuanua, maana dagaa akiloa anaoza, hata kuku hamtaki. Mawingu yamekaa upande wa visiwani tangu jioni.

Jumatano, 23 Oktoba

Uji ulipikwa mapema. Wasimamizi walikuja kutoka shule nyingine, wakafunga mlango, na sisi walimu wa darasa tukaambiwa tukae mbali, ndiyo sheria. Wankyo aliingia na kalamu mbili. Nilimhesabia kwa macho, alikunywa kikombe kizima.

Nilikaa chini ya mti wa bendera na Machage. Hazikupita dakika nyingi upepo ukageuka. Kutoka shuleni unaona mwalo wote: mchanga mweupe wa dagaa, kutoka mtumbwi mpaka mtumbwi, na kina mama wakianza kukimbia. Nikageuka kuangalia dirisha la Darasa la Nne. Vichwa vilikuwa vimenyanyuka. Kila mtoto mle ndani anajua maana ya upepo ule. Toka wameanza kutembea wamefundishwa kwamba ukija, unakimbia, hata kama una kijiko mdomoni. Rafaeli alikuwa amesimama. Msimamizi alimkalisha. Wankyo alikuwa anaangalia chini mwaloni, mahali pa bibi yake, na kalamu haiendi.

Bibi Dorkas alikuwa peke yake. Nilimwona kwa khanga yake ya kijani, anavuta turubai upande huu linaruka upande ule. Dagaa wale ndio chakula chake na ada ya kila kitu. Na kama Wankyo angetoka kwenye chumba kile, asingerudi.

Nilisikia Machage akisema, "Madam, unaenda wapi? Madam." Nilikuwa nimeshavua viatu.

Sijui nilivyofika. Nilimkuta kapiga magoti, nikapiga magoti upande wa pili, tukawa tunakumbatia dagaa kwa mikono na kumwaga kwenye turubai. Sikuwahi kushika dagaa wengi hivyo, wanateleza, wanachoma. Mvua ilikuja kubwa, ya kupiga mgongo. Bibi Dorkas akaniuliza kitu kimoja tu, akipaza sauti:

"Ameangalia huku?"

"Ameangalia."

"Basi simama, Mwalimu. Simama akuone."

Nikasimama. Gauni langu la mtihani, la bluu, limeloa mpaka limenishika, magamba mpaka kwenye nywele. Nikapunga mikono miwili kuelekea shuleni kama mwehu. Sina hakika anaona. Nikapunga tu. Kisha nikainama tukaendelea. Tuliokoa kama nusu.

Nilirudi saa ya mapumziko. Machage aliniangalia kuanzia miguuni mpaka juu, akavua koti lake akanipa. Wankyo alitoka na wenzake. Alipita karibu yangu, akanusa.

"Mwalimu, unanuka."

"Najua. Kalamu iliandika?"

"Iliandika. Niliwaona mko wawili, nikaendelea."

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya pili. Hakuna mvua. Nina mafua.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi. Burito kashinda. Kwenye kampeni alisema uji wa shule ni wake. Bibi Dorkas alikuwa kwenye mkutano ule, akakohoa. Burito akabadilisha, akasema ni wa kina mama.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga. Edwin kaja na pikipiki na begi tupu. Nilikuwepo, nilijipeleka. Bibi Dorkas alimpa kiti, akampa ugali na dagaa wa kuchambuliwa, akamwacha ale mpaka amalize.

"Matokeo bado," akamwambia.

"Mama, mimi nina mtoto mchanga nyumbani."

"Ninajua, ni mjukuu wangu. Nitakuja mimi kumshika mpaka Januari. Huyu anabaki hapa kwa jirani, haendi popote kwa kitu ambacho hakijatoka."

Edwin alinigeukia, kama vile ningemsaidia. Nikaangalia kuku. Aliondoka na mama yake nyuma ya pikipiki, begi kalikumbatia mama. Bibi Dorkas hajawahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Alifumba macho hata kabla haijawashwa.

Jumamosi, 4 Januari

Butiama kwa mama. Mtandao unakuja na kuondoka. Nimepanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba kutafuta matokeo. Wankyo kafaulu. Hisabati B. Watakaorudia darasa wapo, nimewasoma majina, mmoja ni Gody. Nimepiga simu Kabasa. Edwin akapokea, akasikiliza. Kisha nikasikia mtoto akilia, na sauti ya Bibi Dorkas ikisema, "Nipe hiyo simu, shika mwanao."

Jumanne, 14 Januari

Muhula mpya. Nimepewa hisabati ya Darasa la Tano, kwa hiyo nimepanda nao. Mama Gody kaleta kikombe na debe la ulezi, hakusema neno, nami sikusema. Ninajifunza.

Baada ya mapumziko niliandika ubaoni mia na ishirini kugawanya kwa tano, jibu ishirini na tano. Wankyo akainua mkono. Nikamwambia subiri. Hakusubiri, akasema nimekosea. Rafaeli akasema mwalimu hawezi kukosea. Wankyo akasema basi mwalimu ahesabu tena. Wengine wakaingia, huyu ishirini na nne, huyu ishirini na tano, madawati yanapigwa, hakuna anayenisikiliza mimi.

Machage alikuja mbio mpaka mlangoni.

"Madam Gaudensia, hizi kelele ni za nini? Mwaka jana hawa watoto walikuwa na nidhamu kabisa."

"Mwaka jana walikuwa na njaa," nikamwambia. Nikafuta ubao, nikampa Wankyo chaki.